Tumbo Likijaa Tena: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vena za Ini Zilizoziba Baada ya Kupandikizwa Ini la Ndugu

Nilimpa kaka yangu upande wa kulia wa ini langu, katika hospitali moja nchini India. Miezi minne baada ya kurudi nyumbani Jinja, tumbo lake lilianza kujaa maji upya. Ilituchukua wiki sita kujua kwamba ini lenyewe lilikuwa zima, ila njia ya kutolea damu ilikuwa imebanwa. Hatuko wengi Uganda tuliopitia safari hii, lakini tunajuana haraka. Leo atapiga mama wa Mbale, kesho askari mstaafu wa Arua, na kwa kuwa lugha zetu za nyumbani hazifanani, tunaelewana kwa Kiswahili. Maswali huwa yale yale, ndiyo maana nimeyaweka hapa.

Mimi si daktari. Ni mtoaji na ndugu wa mgonjwa, na kila nililoshindwa kulielewa niliuliza mpaka nikaelewa. Yaliyomo humu yakusaidie kuuliza vizuri ukifika mbele ya daktari wako.

Vena za ini ni zipi, na zikiziba kunatokea nini?

Ini hupokea damu kwa njia mbili. Vena ya porta, ile inayotoka kwenye utumbo na wengu, huleta karibu robo tatu ya damu yote. Ateri ya ini huleta iliyobaki, yenye oksijeni nyingi. Kwa mtu mzima jumla ni kama lita moja na nusu kila dakika. Damu yote hiyo inapotoka hupitia vena tatu kubwa, ya kulia, ya kati na ya kushoto, ambazo huimwaga kwenye vena kuu ya mwili, karibu kabisa na moyo. Hizo ndizo vena za ini.

Sisi wa Jinja hatuhitaji kuchorewa picha. Ziwa Viktoria, Nalubaale, linaingiwa na Kagera, Nzoia na mito mingine mingi, lakini linatoa maji kwa mto mmoja tu, Naili, na unaanzia hapa kwetu. Aprili 2020 kisiwa cha magugu kinachoelea kilinasa kwenye bwawa la Nalubaale na nchi nzima ikakosa umeme. Maji yalikuwepo tele, tena kupita kiasi, ila njia iliziba.

Ini lililobanwa vena zake huwa hivyo hivyo. Damu inaingia, haitoki ipasavyo. Ini linafura na kukaza, majimaji yanachuruzika juu yake na kujikusanya tumboni. Presha hurudi nyuma hadi kwenye wengu na mishipa ya koo la chakula. Chembe za ini zilizo katikati, zilizo karibu na njia ya kutokea, hukosa hewa na kuanza kufa. Likiachwa miezi mingi, ini jipya kabisa linaweza kupata makovu kama lile la zamani lililoondolewa.

Kwa nini linawapata zaidi waliopewa kipande na mtu aliye hai?

Ini zima kutoka kwa marehemu linaweza kuja pamoja na sehemu ya vena kuu ya mwili, na mshono ukawa mpana. Kipande cha mtu aliye hai hakiji hivyo. Mtoaji lazima abaki na vena yake kuu, kwa hiyo daktari hukata vena ya ini karibu na shina lake na kuishona kwa mpokeaji. Mdomo unaoshonwa ni mdogo, na shina lenyewe ni fupi.

Kipande cha kulia, kile wanachopewa watu wazima wengi, kina shida nyingine. Vena ya kati mara nyingi huachiwa mtoaji kwa usalama wake. Lakini matawi ya vena hiyo ndiyo yanayotoa damu ya sehemu ya mbele ya kipande cha kulia, zile sehemu ambazo madaktari huziita ya tano na ya nane. Yakiwa makubwa, inabidi yaunganishwe kwa kipande cha mshipa mwingine au bomba bandia, mezani pale pale. Na kuna watu wenye vena ya ziada chini upande wa kulia, nayo hushonwa peke yake. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na mshono mmoja wa vena, mwingine mitatu. Kila mshono ni mahali panapoweza kubana.

Kipande cha kushoto nacho, kwa kuwa ni kidogo na nafasi ya tumbo ni kubwa, kinaweza kuteleza kuelekea kulia na vena ikajipinda kama mpira wa kumwagilia bustani. Ndiyo sababu wapasuaji hukifunga kwenye ukuta wa tumbo kwa nyuzi chache ili kisihame.

Halafu ini linakua. Kipande hunenepa kwa kasi katika wiki za kwanza, na kinapokua kinaweza kuisukuma au kuizungusha vena iliyoshonwa kikiwa bado kidogo.

Ni wangapi hupatwa?

Wachache. Hospitali nyingi zinazotoa taarifa zao hutaja watu wachache kati ya kila 100, ingawa kuna zilizopita 10. Inategemea aina ya kipande na namna vena zilivyoshonwa.

Hutokea lini?

Likitokea ndani ya mwezi wa kwanza, mara nyingi chanzo ni cha upasuaji wenyewe: mshono umebana, kipande kimejipinda, au donge la damu limeganda ndani. Wakati huo mgonjwa kwa kawaida bado yuko chini ya macho ya waliompasua, na hupimwa ultrasaundi mara kwa mara.

Likija baadaye, miezi au hata miaka, mara nyingi ni kovu. Ukuta wa vena pale penye mshono huota ngozi nene kwa ndani, taratibu, mpaka tundu linabaki kama la sindano. Hili la baadaye ndilo linalotukuta tukiwa nyumbani Uganda, mbali na waliotupasua, mbele ya daktari ambaye pengine hajawahi kumwona mtu aliyepandikizwa ini.

Dalili zake ni zipi?

Wifi yangu ndiye aliyeona kwanza, na aliona kwenye mkanda wa suruali. Kaka alikuwa amekonda baada ya upasuaji, akatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari. Jumapili moja wakijiandaa kwenda kanisani, wifi akamwona anafunga tundu la zamani. Jumapili iliyofuata, lililo mbele yake. Uso ulikuwa bado umekonda na mikono myembamba. Akanipigia: “Wifi, kaka yako ananenepa tumbo peke yake.”

Tumbo kujaa maji ndiyo dalili inayoonekana zaidi, na uzito hupanda haraka ingawa mtu hali vizuri. Wengine huhisi uzito na maumivu chini ya mbavu za kulia. Maji yanaweza kuingia pia kifuani, hasa upande wa kulia, mtu akashindwa kulala chali. Miguu ikivimba yote miwili, huenda vena kuu ya mwili nayo imebanwa. Kwenye vipimo vya damu vimeng'enya vya ini na bilirubini (rangi ya nyongo) vinaweza kupanda, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikashuka kwa sababu wengu umevimba, na figo zikaanza kulemewa. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa, dalili inaweza kuwa mrija wa tumboni unaoendelea kutoa maji mengi siku baada ya siku wakati ulitakiwa kukauka.

Wako pia wasiohisi chochote, wakagundulika kwenye kipimo cha kawaida. Ndiyo maana tarehe za kurudi kliniki si za kuruka kwa sababu “najisikia vizuri.”

Akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, akichanganyikiwa, akiwa na homa pamoja na tumbo linalouma, hiyo ni dharura. Mpelekeni hospitali kubwa usiku huo huo.

Huu si mwili unalikataa ini?

Unaweza kuwa, na hapo ndipo wengi tunapotea. Mwili kulikataa ini na vena kuziba vyote vinapandisha vimeng'enya. Daktari akidhani ni kukataliwa, ataongeza dawa za kushusha kinga. Kama tatizo ni vena, dawa hizo hazitafungua kitu, zitamwachia tu mgonjwa mwili usioweza kupambana na maambukizi. Kipande kidogo cha ini kikichukuliwa na kutazamwa kwa hadubini husaidia: damu iliyojaa katikati ya vile vijisehemu vidogo vinavyounda ini huelekeza kwenye tatizo la kutoa damu. Lakini kabla ya sindano hiyo, mishipa itazamwe kwa ultrasaundi.

Yapo mengine yanayofanana nalo. Kifua kikuu cha tumboni ni cha kufikiria sana hapa kwetu, hasa kwa mtu anayemeza dawa za kushusha kinga. Moyo uliodhoofika upande wa kulia, au ule uliobanwa na gamba la kifua kikuu, hujaza tumbo vile vile. Homa ya ini aina ya B inaweza kurudi kama dawa zake zimeachwa. Kichocho cha Naili na Ziwa Albati hupandisha presha ya vena ya porta.

Maji yenyewe ya tumbo yana ushahidi. Yakichotwa, omba yapimwe albumini (aina moja ya protini) na protini yote, na albumini ya damu ipimwe siku hiyo hiyo. Tofauti ya albumini kati ya damu na maji ikifika gramu 1.1 kwa desilita au zaidi, presha ndiyo inayoyasukuma. Na kama protini ya maji hayo imepita gramu 2.5 kwa desilita, kizuizi huenda kiko kwenye njia ya kutoka ini au kwenye moyo. Ni kipimo rahisi kisichohitaji mashine kubwa, na maji mengi humwagwa kwenye ndoo bila kupimwa.

Amepewa dawa za kukojoza na tumbo limepungua. Bado apimwe mishipa?

Ndiyo. Hili ningelipigia kelele sokoni kama ningeweza.

Kaka alipelekwa kwenye kliniki moja ambayo sitaitaja. Walimpa furosemidi na spironolaktoni, wakamkataza chumvi, wakamchota maji mara mbili. Kila mara tumbo lilishuka, sote tukashukuru, na baada ya siku kumi likajaa tena. Wiki sita zikapita hivyo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walitibu maji, kwa sababu maji ndiyo yaliyoonekana. Lakini muda wote huo ini lilikuwa linalowa damu, na kreatinini ya kaka, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ilikuwa inapanda polepole kwa kukojozwa kupita kiasi juu ya takrolimasi, dawa yake ya kushusha kinga, ambayo yenyewe ni nzito kwa figo.

Aliyeokoa mambo alikuwa mpimaji wa ultrasaundi, mzee mmoja mtulivu. Wengine wote walipima tumbo, wakaandika “maji mengi,” basi. Yeye akauliza, “Hili ini ni la nani?” Nikasema ni langu. Akanitazama, akamwambia kaka avute pumzi na kuizuia, akakisogeza kile kichwa cha mashine juu, chini ya mbavu, akakikandamiza. Kwenye skrini ulitokea mstari mmoja ulionyooka. Akaniita nisogee: “Huu ulitakiwa kupanda na kushuka kama mawimbi, ufuate moyo. Umelala. Damu hapa inapita kwa kujikamua.” Katika kurasa zote za faili letu, sentensi yake fupi ndiyo iliyokuwa na maana.

Kwa hiyo kama tumbo limejaa baada ya kupandikizwa, usiondoke na dawa za kukojoza peke yake. Dawa hizo zina kazi yake, lakini baada ya chanzo kujulikana.

Niombe kipimo gani hapa Uganda?

Omba ultrasaundi ya Doppler ya mishipa ya ini. Litaje neno “Doppler,” na mwambie mpimaji mapema kwamba mgonjwa amepandikizwa kipande, cha kulia au cha kushoto, na vena ngapi zilishonwa. Ultrasaundi ya kawaida inaonyesha umbo. Doppler inaonyesha damu inavyokwenda, upande gani na kwa kasi gani. Mstari uliolala, au kasi iliyo chini ya sentimita 10 kwa sekunde, humtia daktari shaka. Ni shaka tu, kwa sababu kuna vipande vizima ambavyo mstari wake umelala pia. Mawimbi yakiwa mazuri, uwezekano wa kuziba unakuwa mdogo.

Baada ya hapo hufuata kipimo cha CT chenye dawa ya rangi, kinachoonyesha mahali penye mbano na sehemu ya ini inayolowa. Dawa hiyo ya rangi huweza kuumiza figo, kwa hiyo kreatinini ipimwe kwanza, na kama mgonjwa anameza metformini ya kisukari amwambie daktari kabla.

Vipimo hivi vyote viwili vinafanyika Kampala, na Doppler hata nje ya Kampala ukimpata mtu mwenye mkono mzoefu. Omba picha zenyewe kwenye diski, maana daktari aliyempasua atataka kuziona kwa macho yake kabla ya kusoma maoni ya mtu.

Uhakika hupatikana vipi?

Kwa kupima presha ndani ya vena. Mrija mwembamba huingizwa kupitia mshipa wa shingo au wa kinena mpaka ng'ambo ya mbano, kisha hurudishwa upande wa pili, na presha mbili zinalinganishwa. Katika hali ya kawaida hutofautiana kidogo sana. Tofauti ikizidi milimita 5 za zebaki, vituo vingi huona kuna mbano wa kutibiwa. Vingine huanza kwenye 3 mgonjwa akiwa na dalili. Uzuri wake ni kwamba mlango wa kupimia ndio huo huo wa kutibia. Mgonjwa haamki kitandani akarudi siku nyingine.

Puto linaingizwaje? Inauma?

Kaka alikuwa macho. Walimchoma ganzi shingoni upande wa kulia na kumpa dawa kidogo ya kumtuliza. Waya laini ulipitishwa kutoka shingoni, ukapitia chumba cha juu cha kulia cha moyo, ukaingia kwenye vena ya ini. Juu ya waya ule likapitishwa puto dogo likiwa limekunjwa. Lilipofika kwenye mbano likajazwa dawa ya rangi, na kwenye skrini likaonekana limebanwa katikati, kama kibuyu chenye kiuno. Wakaongeza presha, wakalishikilia kwa muda, kiuno kikafunguka. Wakarudia mara mbili.

Anasema alihisi msukumo mzito chini ya bega la kulia wakati puto linajaa, ukaisha lilipotolewa. Yote ilikuwa kama saa moja na nusu, na alirudi wodini na plasta ndogo shingoni. Usiku ule alikojoa mpaka nesi akabadilisha chombo mara tatu. Maji yaliyokwama yalikuwa yanapata njia.

Vena ikiwa imebana mno hata waya haupiti kutoka juu, daktari anaweza kuingia moja kwa moja kwa sindano kupitia ngozi hadi kwenye ini na kuifungua vena kutoka upande wa pili. Watoto mara nyingi hulazwa usingizi kabisa.

Puto litatosha au atawekewa stenti?

Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa ndani kushikilia vena isibane. Kwa kovu la baadaye, vituo vingi huanza na puto peke yake. Linafungua kwa wengi sana, lakini mbano una tabia ya kurudi, na wengi hurudiwa mara mbili au tatu. Kaka alirudia mara moja, miezi saba baadaye. Msione kurudia kama kushindwa, ipangieni bajeti mapema.

Stenti huja pale vena inaporudi kubana mara tu puto linapotolewa, pale ilipojipinda au kusukumwa na ini linalokua, au puto linapokuwa limerudiwa bila kudumu. Katika wiki za mwanzo pia madaktari wengi huichagua, kwa sababu kulijaza puto kwa nguvu kwenye nyuzi mbichi kunaweza kuupasua mshono.

Mbona basi wasiweke stenti kwa kila mtu? Kwa sababu haitoki. Inaweza kuziba kwa damu iliyoganda, inaweza kuhama, na mara chache imewahi kusukumwa hadi kwenye moyo. Ikikaa vibaya hufunika mdomo wa vena nyingine. Na ikichomoza sana kwenye vena kuu, humtatiza mpasuaji kama siku moja mgonjwa atahitaji ini jingine. Muulize daktari wako kwa nini anachagua hii na si ile; swali hilo ni haki yako.

Hatari zake?

Kutoka damu, hasa ikiingiwa kupitia ini, maambukizi, mzio au figo kusumbuliwa na dawa ya rangi, moyo kudunda ovyo kwa muda waya unapopita. Kupasuka kwa vena ni nadra. Ukilinganisha na kufungua tumbo upya, kazi hii ni nyepesi mno.

Na puto likishindikana?

Kipande kilichojipinda siku za mwanzo hurudishwa mezani kinyooshwe na kufungwa vizuri, au mshono ushonwe upya. Donge bichi la damu linaweza kuyeyushwa kwa dawa inayopelekwa pale pale kwa mrija. Ini likiwa limekwisha kuharibika, kinachobaki ni kupandikiza mara ya pili, na hapo lazima atafutwe mtoaji mwingine. Wiki zinazopotea kwenye dawa za kukojoza zinakula ule muda ambao puto lingetosha.

Mgonjwa ni mtoto wangu. Kuna tofauti?

Ipo. Watoto wengi hupewa kipande kidogo cha kushoto, mara nyingi na mama au baba, kwa sababu walizaliwa na njia za nyongo zilizoziba. Mtoto anakua, vena inatakiwa ikue naye, na stenti ya chuma haikui. Kwa hiyo kwa mtoto puto hurudiwa mara nyingi kadiri inavyowezekana kabla ya kufikiria stenti.

Mama yangu, mtoto hatakwambia kwamba tumbo ni zito. Mpime kiuno kwa futi ya fundi cherehani, mahali pale pale juu ya kitovu, asubuhi kabla hajala, uandike. Sisi tulifanya hivyo kwa kaka mtu mzima na daftari lile ndilo alilolisoma daktari kwanza.

Dawa za kuzuia damu kuganda atameza mpaka lini? Aache dodo (mchicha)?

Kila kituo kina utaratibu wake. Wengi huanza na heparini kwa sindano, kisha vidonge vya aspirini au warfarini kwa miezi kadhaa, na mwenye stenti mara nyingi humeza kwa muda mrefu zaidi. Asiongeze wala asiache bila kuambiwa.

Nguvu ya warfarini hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Mboga za majani kama dodo, nakati na sukuma wiki zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Lakini hakuna haja ya kuziacha. Ale kiasi kile kile kila wiki, ili kipimo kipangwe kulingana na chakula chake. Kinachovuruga ni kula dodo sufuria nzima wiki hii na kutoigusa wiki ijayo.

Akiumwa kichwa au malaria, anunue dawa dukani?

Diklofenaki na ibuprofeni asiziguse. Zinaumiza figo ambazo tayari zinabeba takrolimasi, na pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda zinaweza kumtoa damu tumboni. Parasetamoli kwa kipimo alichopewa na daktari wake ndiyo salama.

Homa ipimwe, isikisiwe. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa maambukizi kwenye maji ya tumbo au njia za nyongo. Na kila anayemwandikia dawa ajue anameza takrolimasi: rifampisini ya kifua kikuu huishusha vibaya sana kwenye damu, wakati flukonazoli, erithromisini na klarithromisini huipandisha mpaka iwe sumu.

Mululuza, ule mmea wa majani machungu, na mitishamba mingine, naomba muiache. Najua imetulea. Bibi yangu alituchemshia mululuza kila tulipopata homa, nami namheshimu kwa hilo. Lakini ini hili limeshonwa, na hakuna kipimo cha kutuambia kikombe kile kitagongana vipi na takrolimasi.

Majirani wanasema amerogwa, au ini la mwanamke halikai kwa mwanaume.

Ini halina jinsia kwa maana hiyo. Dada huwapa kaka, wake huwapa waume. Wanaosema hivyo wengi wana uchungu naye, wanatafuta neno la kuelezea wasichokiona. Mimi niliwaonyesha picha mbili kwenye simu, vena kabla ya puto na vena baada ya puto. Mama mmoja mzee alizitazama muda mrefu, kisha akauliza kaka alale ubavu gani. Maombi hayazuiwi, kaka aliombewa sana, ila yafanyike huku miadi ya Doppler ikiwa imeshapangwa.

Kazi hii inaweza kufanyika hapa nyumbani?

Uganda ilipata sheria ya kutoa na kupandikiza viungo mwaka 2023, na Desemba mwaka huo hospitali ya Mulago, Kampala, ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza. Kwa ini, wagonjwa wetu bado husafiri, wengi India. Kuitambua shida, kuchota na kupima maji, Doppler, CT na kupima kiwango cha takrolimasi ni mambo ya kuyafanyia kazi hapa hapa. Kuhusu puto, daktari wako wa Kampala azungumze moja kwa moja na timu iliyopasua, waamue pamoja kama kuna mtaalamu wa karibu mwenye uzoefu wa vena hizi au mgonjwa apande ndege. Anayehitaji msaada wa serikali kutibiwa nje hupitia bodi ya madaktari ya Wizara ya Afya, na makaratasi huchukua muda, kwa hiyo anzeni mapema. Mkiomba makadirio ya gharama, yatenganishe: kulazwa, puto, na stenti endapo itahitajika.

Nibebe karatasi gani?

Ripoti ya upasuaji, si muhtasari wa kuruhusiwa pekee. Ndani yake muwe na aina ya kipande, uzito wake kwa gramu, vena ngapi zilishonwa, na kama bomba bandia lilitumika. Sisi hatukuwa nayo. Tulikuwa na muhtasari wa kurasa mbili ulioandika “upasuaji ulikwenda vizuri,” na ilibidi kusubiri siku nne barua pepe ijibiwe. Mwenye stenti abebe pia kadi yake, kwa ajili ya kipimo chochote cha sumaku (MRI) huko mbele.

Mimi ndiye mtoaji. Vena zangu nazo zinaweza kuziba?

Ni nadra sana. Vena zilizobaki kwako hazikukatwa na kushonwa kwa mtu mwingine. Ziko mahali zilipozaliwa. Ini lako hukua kujaza nafasi, sehemu kubwa ya ukuaji huo katika miezi mitatu ya kwanza. Hata hivyo nenda kliniki zako. Watoaji tunasahauliwa kirahisi, macho yote yako kwa mgonjwa, na sisi wenyewe hujiona wazima. Mimi nilipimwa Doppler siku ile ile na kaka, na yule yule mzee. Alinionyesha mstari wangu. Ulikuwa unapanda na kushuka.